Mtoto Huyu ni wa Nani?

Jumanne, 9 Septemba

Nimerudi na macho mekundu kama niliyekuwa napika kwa kuni mbichi. Mama kaniuliza kama nimelia. Nikamwambia hapana, nimesoma tu.

Ndiyo kazi yenyewe. Stesheni yetu ya televisheni inaniita msimamizi wa maoni. Mdogo wangu ananiita mzoa taka, na sijawahi kumpinga. Watu wanaandika chini ya habari zetu, mimi napita nyuma yao nikifuta. Matusi ya nguoni – futa. Vitisho – futa. "Warudi kwao" – hapo lazima kwanza nimuulize Mkuu, bosi wangu, maana anasema hayo ni mawazo ya mtu.

Leo kulikuwa na habari ya wenye nyumba wanaokataa kuwapangisha watu kwa sababu ya rangi. Mmoja kaandika kwamba mpangaji mweusi sana ni hasara, umeme ukikatika humpati. Wenzake wakacheka kweli kweli. Nikafuta. Akaandika tena, safari hii na herufi kubwa mahali panapostahili.

Chuki yenyewe nimeizoea, sawa na mtu anayeishi karibu na kiwanda cha ngozi. Kinachonichosha ni zile picha zao ndogo pembeni. Wamebeba watoto. Wamevaa suti za harusi. Yule wa umeme ana picha ya keki ya bethidei, kaizima mishumaa nusu. Mtu ambaye ungekaa naye benchi moja hospitali na kumwombea mgonjwa wake apone.

Miguu inauma. Wala sikutembea popote.


Jumatano, 10 Septemba

Imeingia video. Mteja wa supamaketi ile kubwa kairekodi na kututumia mwenyewe. Mwanamke mweusi – mweusi hasa, ule weusi unaong'aa – anamvuta mkono mtoto wa kike. Mtoto mweupe, nywele za kahawia zimejisokota. Analia. Kajitupa sakafuni kama wanavyojitupa watoto wote wakinyimwa wanachotaka. Sauti nyuma ya simu inasema, huyu mtoto si wake, mtazameni, huyu kamwiba. Mlinzi anakuja. Watu wanazunguka. Mwanamke anasema kitu, hakisikiki kwa makelele. Video inakatika hapo.

Mkuu alikuja kusimama nyuma ya kiti changu. Ndiye anayeongoza dawati letu la mtandaoni. Ukutani kwake kuna skrini inayoonyesha habari gani inatazamwa na wangapi, na huitazama kama mgonjwa anavyoitazama dripu yake.

"Tumeshaongea na huyo mama?" nikauliza.

"Polisi wanaye."

"Polisi wamesema nini?"

"Bado. Lakini wenzetu wataiweka sasa hivi."

"Si tusubiri kidogo basi."

"Tumeweka alama ya kuuliza," akasema kwa upole, kama daktari anayekuonyesha kipimo. "Hatujamtuhumu mtu."

Na kweli aliiweka. MTOTO HUYU NI WA NANI? Chini yake uso wa yule mama, mdomo wazi, macho yamemtoka. Video ina nyuso zake nyingi. Waliuchagua huo.

Nimeifikiria hiyo alama njia nzima. Nikisimama barazani kwa jirani nikauliza kwa sauti, mume wako mwizi?, sijasema ni mwizi. Nimeuliza tu. Mtaa mzima utakuwa umeshanijibu kabla yeye hajavaa ndara.

Nilifuta mpaka kidole kikafa ganzi. Apigwe. Avuliwe nguo apekuliwe. Weusi hawa ndio zao. Na wengi walioandika hivyo ni weusi kama mimi, ndilo lililonimaliza kabisa.

Kufika nyumbani, Mama anayo tayari. Imeletwa kwenye kundi la familia, na shangazi ndiye kaileta.

"Umemwona huyu mwizi wa watoto?"

"Mama, hatujui kama ni mwizi."

"Si nyie mmemwonyesha?"

Nikaenda kuoga.


Alhamisi, 11 Septemba

Ni mwanawe. Kamzaa mwenyewe.

Polisi wamesema asubuhi, kwa sentensi moja. Baba wa mtoto alikuwa mtu mweupe, amefariki. Mtoto kalazwa usiku mzima kwenye makao ya watoto huku wakihakikisha. Mama kalala kituoni kwenye benchi.

Nilidhani tutaiondoa video. Nilikuwa mjinga. Mkuu kaja na kichwa kipya: UKWELI WABAINIKA – MWANAMKE WA SUPAMAKETI NI MAMA MZAZI. Video ile ile. Uso ule ule.

Nikamwambia, tunamtembeza hadharani mara ya pili.

"Tunamsafisha," akasema.

"Kwa picha ile ile ya kumchafua?"

"Video ndiyo habari. Bila video nani atasoma?"

Imetazamwa kuliko ya jana. Maoni nayo hayajapoa, yamegeuka tu upande wa kulalia. Wapimwe damu. Labda alibadilishiwa hospitali. Kwa nini yeye hana kitambulisho cha kuonyesha kuwa ni mama? Yupi kati yao anatembea na kitambulisho cha kuonyesha kuwa ni mama? Nilitafuta mpaka chini kabisa mtu aliyeandika neno samahani. Mmoja kaandika: basi ashukuru hakupigwa.

Yule aliyerekodi kaandika pia. Alikuwa anajali tu usalama wa mtoto.


Jumapili, 14 Septemba

Siku ya kupumzika, eti.

Mdogo wangu alikuja na mkewe kula mchana. Wifi tumbo limeshakuwa kubwa, anatembea kashika kiuno. Ni mweusi kunipita mimi. Nampenda, ana maneno machache na mzaha wake unakuja umechelewa, ukishasahau ulichosema ndipo unacheka.

Mama alikuwa katika furaha yake. Anamlisha, anamwekea mto mgongoni. Halafu katikati ya hayo yote, bila hata kubadilisha sauti: "Mungu akijalia tu achukue rangi ya upande wetu. Kwa wasichana hasa. Inawarahisishia."

Mdogo wangu akatazama simu yake. Simu ilikuwa imezimwa.

Wifi aliendelea kukunja vinguo vya mtoto alivyovitoa mfukoni kutuonyesha, kimoja kimoja, akavirudisha mfukoni vyote. Tulikuwa hatujamaliza hata kuvitazama.

Mama ni mweupe. Mimi nilimfuata baba. Utotoni wageni walikuwa wakija, Mama ananitambulisha: "Na huyu ni wangu pia." Hilo *pia* nimeishi nalo miaka yote. Sidhani analijua. Ukimwambia Mama ni mbaguzi atalia wiki nzima, maana huyo huyo ndiye aliyemuuguza jirani yetu mgeni ambaye watu walikuwa hawataki hata kugusa kikombe chake.

Nilimwambia leo, jikoni, tukiwa wawili. Nikasema, Mama, yale maneno yanaumiza. Akasema, maneno gani? Nikayarudia. Akafikiri kwa dhati kabisa. Akasema, lakini si kweli inawarahisishia?

Ndipo nilipochoka. Kwa sababu ni kweli. Na akina Mama ndio wanaoifanya iendelee kuwa kweli, kila Jumapili, juu ya sahani.


Jumatatu, 15 Septemba

Mkuu kaniita ofisini, kafunga mlango. Anamtaka yule mama studio. Kipindi cha jioni, mahojiano kamili, mama na mtoto wamekaa pamoja. Mwandishi wa kwanza alimpigia, mama akakata simu. Wa pili akafukuzwa mlangoni.

"Nenda wewe."

"Mimi si mwandishi."

"Wewe ni mwanamke. Una utu uzima." Kisha akazungusha kalamu. "Na… atakuona mwenzake."

"Kwa rangi?"

Kalamu ilisimama.

Nikamwambia kama hatuna neno la kumpa, siendi. Lazima tukiri kwamba tumekosea. Akavua miwani, akajikanda macho. Bila miwani anaonekana mtu mwingine, mwenye mikopo na mgongo mbovu.

"Unadhani mimi sioni?" akasema. "Nilipoanza kazi hii nilitaka kusoma habari kwenye televisheni. Wakaniambia nina sauti nzuri, lakini uso wangu ni wa redio. Chumba kizima kikacheka. Nikacheka nao. Ndiyo maana bado nipo hapa."

Nilimwonea huruma, kisha nikajikasirikia kwa kumwonea huruma, kisha nikachoka na vyote viwili.

"Wenye stesheni wanataka kulifunga dawati letu," akaendelea. "Watazamaji wakishuka, mimi na wewe tuko nje. Mlete tu. Hiyo radhi tutaizungumza."

Nitaenda kesho. Nimejiambia naenda kwa ajili yake, yule mama. Sijui kama ninajiamini.


Jumanne, 16 Septemba

Nimempata. Ni fundi cherehani. Ana chumba kimoja cha mbele kwenye jengo la maduka, ghorofa ya chini, cherehani mbili, sare za shule zimening'inia ukutani kama watoto wasio na vichwa. Nilisimama mlangoni kwanza. Ndani walikuwapo wanawake wawili wanauliza bei ya kupunguza gauni. Hawakuwa na gauni. Macho yao yalikuwa chini ya meza ya kukatia, alikokaa mtoto na vipande vya vitambaa. Mmoja akamnong'oneza mwenzake kuhusu pua.

Fundi akataja bei, hakuinua kichwa. Walipoondoka akasema, "Na wewe unapunguza gauni?"

Nikamwambia ninakotoka. Sikuzunguka.

Akazima cherehani. Nilitegemea mkasi. Akasema, "Wamekutuma wewe kwa nini?"

"Kwa sababu ya rangi yangu."

Alinitazama, kisha akacheka. Kicheko kifupi, cha mtu aliyekuwa amesahau kinavyofanywa. "Angalau umesema, dada. Kaa."

Watu hapo wanamwita Mama Kadogo, na mtoto ndiye Kadogo. Kadogo akatoka chini ya meza, akanikagua.

"Wewe polisi?"

"Hapana."

"Wewe wa kule nilikolala?"

"Hapana, mama."

Akarudi chini ya meza. Hakuniamini sana.

Mama Kadogo akasimulia huku mikono yake ikifumua pindo la suruali, kama asingeweza kuongea mikono ikiwa mitupu. Siku hiyo mtoto alitaka mpira wa kung'aa, akamnyima, mtoto akajitupa chini. Basi. Hicho ndicho kisa chote. "Angekuwa mweusi mngeona mtoto mtundu tu," akasema.

Cheti cha kuzaliwa alikuwa nacho mkobani. Anatembea nacho tangu mumewe alipofariki. Akamwonyesha mlinzi. Mlinzi akasema vyeti siku hizi mtu anachapisha kwenye kibanda chochote tu. Akamwambia mtoto, waambie mimi ni nani. Mtoto alikuwa analia, hasemi.

"Baba yake alipokuwa hai," akasema, "akimbeba yeye peke yake hakuna aliyemuuliza kitu. Tukitoka wote watatu, wahudumu wa hoteli wananiuliza mimi kama mtoto ameshakula. Wanadhani yaya. Tulikuwa tunacheka nyumbani. Yeye alikuwa anacheka zaidi yangu."

Akakata uzi kwa meno.

Kule kwenye makao walimuuliza Kadogo, mama yako nani? Akamtaja. Wakamuuliza tena, na wakaja wengine wakamuuliza tena, kwa upole sana, na peremende. Mtoto mdogo akiulizwa jambo moja mara nyingi anadhani jibu lake la kwanza lilikuwa baya. "Sasa kila nikimfunika shuka ananiuliza. Mama, mimi ni wako kweli? Namwambia ni wangu. Anasema, nani kakuambia?"

Nilitazama sakafu. Ilijaa vipande vya uzi vya kila rangi.

Shule nayo imeomba aende na "uthibitisho". Mwalimu mkuu anamfahamu tangu mtoto anaanza darasa la watoto, na kila siku wanasalimiana getini. Alionekana kuona haya. Lakini ameomba.

Nikamweleza Mama Kadogo anachotaka Mkuu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema atakuja, kwa masharti mawili. Video ifutwe. Na waseme tumekosea. Si kuandika kwenye kona. Kusema, kwa sauti, saa ile ile ya watu wengi, kabla yeye hajafungua mdomo. "Mimi nikianza kujieleza kabla yao, nitakuwa bado niko pale dukani nimeshikwa mkono."

Sijawahi kusikia mtu akieleza vizuri hivyo kazi yetu ilivyo. Pamoja na semina zote nilizokaa.

Nikiwa mlangoni akasema: "Dada. Ukiniahidi, niahidi wewe. Hao siwajui."

Nikasema nitafanya ninachoweza. Akatikisa kichwa. Hilo halikuwa jibu na wote tulijua.


Jumatano, 17 Septemba

Nimeandika radhi. Mistari michache. *Tulikosea. Tulionyesha uso wa mama asiye na hatia na kuuliza swali ambalo tungeweza kumuuliza yeye. Hatukumuuliza. Tulimtilia shaka kwa sababu ya rangi yake na ya mwanawe. Tunamwomba radhi yeye na mtoto.*

Imekwenda kwa Mkuu. Ikaenda kwa mwanasheria. Ikarudi hivi: *Kufuatia mkanganyiko uliojitokeza kuhusu tukio la hivi karibuni, stesheni inapenda kutoa ufafanuzi.*

Mkanganyiko uliojitokeza. Kama upele. Hakuna aliyeuleta, umejitokeza wenyewe.

Nikamuuliza mwanasheria, kijana mzuri tu, ana adabu, neno *rangi* limekwenda wapi. Akasema neno hilo linaweza kuzua hisia. Nikamwambia hisia zimeshazuka, nazifuta mimi kwa mkono. Akatabasamu. Akasema pia *tulikosea* ni neno la mahakamani, linatufunga.

Sasa nimekaa nayafikiria. Habari inapomhusu mtu wa chini tunasema kwa kitenzi chenye mtenda: mwanamke *avamia*, mwanamke *aiba*, mwanamke *atoroka*. Sisi tukikosea, mambo yanajitokeza. Lugha nzima inatusaidia kukimbia.

Jioni nikamfuata Mkuu kwenye maegesho, mkono wake uko kwenye mlango wa gari. Nikamwambia, bila yale maneno yangu haji, na mimi sitamwomba aje. Akasema sawa. Nikasema sawa nini? Akasema, sawa, yatasomwa kama ulivyoandika, kabla ya mahojiano, na video inaondoka kesho asubuhi. Akanipa mkono.

Nimempigia Mama Kadogo. Nimemwambia, nakuahidi.


Alhamisi, 18 Septemba

Video imeondoka. Asubuhi na mapema, kabla sijavua koti. Mahali ilipokuwa pana mraba mweupe.

Kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita nimekula chakula cha mchana kikiwa cha moto.

Nakala zake ziko kila mahali, najua. Shangazi bado anayo. Lakini yetu imeondoka.


Ijumaa, 19 Septemba

Wifi kapita nyumbani akiwa peke yake, Mama akiwa kwa daktari wa macho. Nadhani alichagua saa hiyo.

Akakaa, akanywa maji, akaniuliza kuhusu yule mama wa video. Nikamweleza. Akasikiliza huku anajipapasa tumbo.

"Huyu akitoka mweupe," akasema, "watasema mimi ni yaya. Akitoka mweusi, Mama atamwonea huruma." Akatazama tumbo lake. "Natafuta rangi ya katikati, dukani hawana."

Nikacheka kabla sijaelewa. Kisha nikaelewa. Yeye hakucheka.

Aliniuliza kama ile Jumapili nilimsikia Mama. Nikasema nilimsikia na nilimwambia kitu, jikoni. Akasema, "Jikoni." Hilo tu. Si kwa ukali. Kama mtu anayeweka kikombe mahali pake.

Kweli. Nilimtetea mahali ambapo hakuwapo kusikia. Nimekuwa nikitetea watu jikoni maisha yangu yote.


Jumapili, 20 – hapana, 21 Septemba

Hawakuja leo. Mdogo wangu kasema wifi kachoka. Mama kapika kwa watu wanne, tumekula wawili. Akauliza, nimemkosea mtu?

Nikamwambia ndiyo. Mezani, safari hii. Nikamwambia nani na kwa neno gani, na nikamwambia kuhusu *pia*. Alikuwa halikumbuki kabisa. Kalia. Na mimi nimelia. Hakuna kilichotengenezwa, ila baadaye kaosha vyombo yeye na hakutaka nimsaidie, na nimesikia akiongea na simu, sauti ya chini, akimwita wifi "mwanangu". Sikusikia yaliyobaki. Sikujaribu.


Jumatatu, 22 Septemba

Naandika nikiwa kazini. Chumba cha kujipodoa, kiti cha pembeni. Lazima nishike kitu mkononi.

Mama Kadogo alikuja mapema, gauni la kijani alilolishona mwenyewe, Kadogo na viatu vipya vinavyombana. Mlinzi wa getini aliomba kitambulisho cha mama, kisha akauliza, na mtoto wa nani? Nikasema mimi ndiye mwenyeji wao, wafungulie. Kadogo alisikia. Aliushika mkono wa mama yake kwa mikono miwili mpaka ndani ya lifti.

Tukamleta hapa. Dada wa kupodoa watu ni mkarimu, anaongea sana. Akafungua kisanduku chake, akatazama, akatazama tena. Akasema, jamani, poda ya rangi yake haipo. Wanaagiza hizi tatu tu. Watangazaji wote wanatoshea humo. Akasema atachanganya. Akapaka. Nilisimama nyuma nikaona uso wa yule mama unaondoka taratibu mbele ya kioo, unakuwa wa kijivujivu, kama ukuta uliopakwa rangi mkono wa kwanza. Shingo ikabaki yake.

"Mama," Kadogo akasema, "sasa unafanana na nani?"

Dada wa poda akasema kwa nia njema kabisa kwamba kwenye taa itapendeza, watakaribiana na mtoto.

Mama Kadogo alikuwa anajitazama.

Nikatoka kutafuta maji. Kwenye korido nikakutana na mtangazaji wa kipindi, ameshika karatasi zake, anajisomea midomo ikicheza. Nikamwomba nione ukurasa wa kwanza. Kanipa bila wasiwasi. Salamu. Kumkaribisha mgeni. Swali la kwanza: *Mama, hebu tueleze, ilikuwaje siku ile?* Nikapindua. Mahojiano. Nikapindua. Mahojiano, picha ya mama na mtoto wamekumbatiana. Ukurasa wa mwisho kabisa, chini: *Ufafanuzi wa stesheni – muda ukiruhusu.* Na yale maneno ya mkanganyiko.

Nikamuuliza, radhi iko wapi? Akasema, radhi gani? Hakuwa anaigiza. Hakuambiwa.

Mkuu nikamkuta mlangoni mwa studio. Akaniona nakuja akaanza kuongea kabla sijafika. Wenye stesheni wamekataa, mchana huu huu, alipigana, nisidhani hakupigana. Kisha akasema ataongea nao tena wiki ijayo. Kipindi tumeshakitangaza siku tatu. Watu wanasubiri.

"Umwambie wewe," akasema. "Wewe anakusikia. Mwambie aingie tu, akishaongea mwenyewe itakuwa imetosha."

Nikamwambia, nitamwambia.

Nimerudi. Nimemwambia dada wa poda atupishe. Nimefunga mlango. Nimemwambia Mama Kadogo yote, mbele ya mtoto, kama yalivyo: karatasi inasema nini, nani kakataa, na mimi nimetumwa kusema nini. Na kwamba mimi ndiye niliyeahidi.

Hakupandisha sauti. Aliomba kitambaa. Akafungua bomba la sinki, akaanza kunawa, taratibu, kutoka kwenye paji la uso kushuka. Maji yanatiririka ya kijivu. Kadogo amepanda kwenye kistuli, anamwonyesha palipobaki. Hapa, mama. Na hapa.

Taa nyekundu ya juu ya mlango imewaka. Maana yake wameanza kuhesabu sekunde za kuingia hewani.

Mkuu anagonga. Kwa kidole kimoja kwanza. Sasa kwa kiganja. Anaita jina langu, siyo la Mama Kadogo.

Mama Kadogo amegeuka, uso unadondosha maji, uso wake mwenyewe. Anauliza kama chumba hiki kina mlango mwingine au ni huu mmoja tu, wa kupita mbele yao wote.

Ni huu mmoja tu. Navaa viatu, nitatangulia mimi.